LUKU Moja, Wapangaji Watatu: Nani Anaulizwa Umeme wa Chumba cha Seva?

Aliyewahi kupanga nyumba ya vyumba vingi yenye LUKU moja anaujua ugomvi wake. Mmoja ana taa na chaji ya simu, wa pili ana friji, wa tatu anapiga pasi kila alfajiri. Tokeni ikikata saa tatu usiku, kila mtu anamtazama mwenzake. Wenye nyumba wengi wa Korogwe na Handeni walishalipatia jambo hilo dawa: submita kila chumba, na ugomvi ukaisha.

Ofisi zetu bado hazijafika hapo. Ingia halmashauri, hospitali ya wilaya au chuo chochote, uliza chumba cha seva kimekula uniti ngapi mwezi uliopita. Afisa TEHAMA atakwambia umeme ni mambo ya Utawala. Utawala watakwambia wananunua tokeni ya jengo zima, hawajui humo ndani mna nini. Fundi wa AC, awe wa TEMESA au wa mkataba, atakwambia yeye huitwa AC ikigoma tu. Wote watatu wanasema kweli, na wote watatu wanafanya kazi zao. Umeme unapotea katikati yao, mahali ambapo hapana mwenyewe.

Makala haya ni kwa hao watatu, na kwa mkurugenzi aliye juu yao. Nitakachosema ni kimoja: kabla hujanunua AC mpya, seva mpya au paneli za sola, waweke watu hao meza moja wakiwa na tarakimu moja mbele yao. Vifaa vitafuata, na mara nyingi utakuta hata hukuvihitaji.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kikao kitageuka malalamiko. Chukua seva moja ya kawaida inayovuta wati 300 mchana na usiku. Kwa siku ni uniti 7.2, kwa siku 30 ni uniti 216. Bei ya kundi la T1, ambalo ofisi nyingi ndogo zimo, ni shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika kama shilingi 356. Seva hiyo peke yake inakula karibu shilingi 77,000 kwa mwezi. Lakini seva haikai peke yake. Kuna AC inayoipoza, kuna UPS inayopoteza umeme kidogo kila unapopita ndani yake, kuna taa. Kama hivyo vyote vinakula sawa na seva yenyewe, jambo lisilo la ajabu kwenye vyumba vidogo, gharama inakuwa mara mbili: zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa mwaka kwa seva moja. Kwa miaka mitano ni zaidi ya milioni 9, na huenda hiyo seva ilinunuliwa kwa pungufu ya hapo.

Wataalamu wa vituo vya data wana kipimo cha jambo hili, PUE, kilichotangazwa na kundi la Green Grid mwaka 2007. Hesabu yake haimshindi mwanafunzi wa darasa la sita: umeme wote ulioingia chumbani, gawanya kwa umeme uliofika kwenye kompyuta zenyewe. Ukipata 2, maana yake kwa kila uniti inayofanya kazi, nyingine moja inakwenda kwenye kupoza na kupotea. Takwimu za Uptime Institute zilionyesha wastani wa 2.5 mwaka 2007, na miaka ya karibuni umekwama karibu na 1.6. Google wanasema vituo vyao viko karibu na 1.1. Wewe wa Handeni usijipime na Google. Jipime na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita.

Ili ugawanye, lazima upime mara mbili, na hapo ndipo submita inapoingia. Moja ikae kwenye waya unaoingia chumba chote, nyingine kwenye waya unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye kompyuta. Si kifaa cha kuagiza ng'ambo. Fundi umeme yeyote mwenye leseni anaifunga kwa nusu siku, ilimradi TEHAMA wakubaliane naye saa ya kuzima. Kisha kila Jumatatu asubuhi mtu mmoja apige picha mita zote mbili na kuziweka kwenye kundi la WhatsApp ambalo ndani yake yumo afisa TEHAMA, yumo mhasibu anayenunua tokeni, yumo fundi wa AC, na yumo mlinzi wa usiku. Mlinzi nitamrudia.

Utaona haraka kwamba tatizo la watu hawa watatu halitokani na tabia. Kila mmoja anapimwa kwa kitu tofauti. TEHAMA anaulizwa mfumo ukianguka, na haulizwi bili ikipanda. Mhasibu anaulizwa kifungu cha umeme kikizidi, na haulizwi kifungu hicho kimeendesha nini. Fundi analipwa akiitwa, kwa hiyo AC isiyoharibika haimwingizii chochote. Kwa mpangilio huo, nani atajisumbua?

Kampuni kubwa duniani zilikumbana na ukuta huohuo. Microsoft, miaka ya 2007 na 2008, ilikuwa ikizitoza idara zake gharama za kituo cha data kwa ukubwa wa nafasi ambayo seva zao zilikalia sakafuni. Idara zikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: zikabana seva nyingi zenye kula umeme mwingi kwenye nafasi ndogo. Christian Belady, mmoja wa waasisi wa kipimo cha PUE aliyekuwa amehamia huko, na wenzake wakabadili utaratibu, tozo ikawa kwa umeme unaotumiwa. Idara zilezile zilizokuwa hazijali zikaanza kuuliza ni seva zipi zinaweza kuzimwa. Hakuna mtambo mpya ulionunuliwa kuleta badiliko hilo. Ilibadilika karatasi ya bili.

Halmashauri haina haja ya kutozana fedha baina ya idara. Inatosha mhasibu agawanye tokeni kwenye taarifa ya mwezi: jengo kiasi hiki, chumba cha seva kiasi hiki, na taarifa iingie kwenye kikao cha menejimenti kama inavyoingia taarifa ya mafuta ya magari. Mafuta tunayafuatilia kwa daftari la safari na saini ya dereva. Umeme wa seva, unaotembea saa 24 bila kupumzika, hauna hata mstari wake.

Sasa tufungue mlango wa chumba chenyewe. Chumba cha kawaida kiko hivi: ufunguo mmoja, uko mfukoni mwa afisa TEHAMA. Rimoti ya AC imefungwa kwenye nailoni, imewekwa 16. Raki imesimama ikiutazama ukuta, hewa baridi inaipiga mgongoni, mahali ambapo seva hutolea joto. Nafasi tupu kati ya seva na seva ziko wazi, hewa ya moto inazunguka na kurudi mbele. Kwenye kona kuna maboksi ya toner na kiti kilichovunjika mguu.

Mhudumu wa usafi akipita na ndoo anauliza, "Kaka, nikufagilie na humo?" "Hapana mama, humo usiingie, kuna mitambo." Jibu ni sahihi kiusalama. Lakini matokeo yake ni kwamba chujio la AC halijaoshwa tangu Krismasi. Vumbi la kiangazi cha Handeni mnalijua. Ni jekundu, jembamba, linapenya hata dirisha lililofungwa. Chujio likiziba, hewa haipiti, AC inahangaika kutwa na chumba hakipoi. Fundi naye akija, anakuta mwenye ufunguo yuko Dodoma kwa mafunzo. Anaandika kwenye fomu kwamba amefika, anaondoka. Hapo utaona mgawanyiko wa idara umekuwa kitu cha kushikika: umekuwa ufunguo. Dawa yake ni rahisi mno hata watu huidharau. Ufunguo wa pili ukae masjala kwenye bahasha iliyofungwa, yenye daftari la kusaini. Siku ya kwanza ya kila mwezi iwe siku ya chujio, mhudumu aingie akiwa na mtu wa TEHAMA, waoshe, waandike tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa AC.

Hiyo 16 kwenye rimoti inastahili maneno yake. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji ambacho watengenezaji wa seva hukifuata kwa mambo haya, kinashauri hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ya mbele, usikosee hapo; ya nyuma itakuwa moto siku zote na haina tatizo. Kwa nini basi kila chumba kinawekwa 16? Kwa sababu ya woga, na woga wenyewe una haki. Seva ikiungua, jina litakalotajwa ni la afisa TEHAMA. AC ikila uniti 48 kwa siku, kiwango ambacho AC ya kawaida ya BTU 24,000 inakifikia kompresa yake isipopumzika, hakuna jina linalotajwa. Ni zaidi ya shilingi 17,000 kila siku, zinazolipwa na mtu asiyejua anazilipia nini. Ningekuwa mimi ndiye mwenye ufunguo, ningeweka 16 pia.

Kwa hiyo usimwendee kijana wa TEHAMA na hotuba ya kubana matumizi. Mwendee na karatasi. Mkurugenzi aandike kwamba ameidhinisha kupandisha joto la chumba kwa nyuzi moja kila wiki, kuanzia lilipo hadi 24, na kwamba uamuzi huo ni wa menejimenti. Kipimajoto kibandikwe mbele ya raki, usawa wa seva ya juu kabisa, maana joto hupanda. Kikizidi 27, mnarudi nyuma nyuzi moja, mnatafuta sababu. Saini hiyo moja inaondoa woga ambao semina kumi haziondoi. Ukitoka 16 kwenda 24, kompresa inaanza kupumzika, na submita itakuonyesha tofauti ndani ya wiki hiyohiyo.

Wapo wanaosema chumba kikiwa baridi sana umeme ukikatika kinachelewa kupata joto. Ni kweli, kwa dakika chache tu. Chumba kidogo chenye seva zinazoendelea kwa UPS huku AC imezima hupanda joto haraka, hata kama kilianza na 16. Kinachookoa seva hapo ni mlinzi.

AC nyingi za ukutani, hasa za bei nafuu au za zamani, umeme ukirudi haziwaki zenyewe mpaka mtu abonyeze rimoti. Seva zinaamka, AC imelala, saa nane ya usiku, na anayeujua mlango huo yuko kwake amelala. Asubuhi chumba ni tanuri. Muulize fundi swali moja: hii inawaka yenyewe? Kama haiwaki, ama muirekebishe, ama mlinzi afundishwe na apewe rimoti na namba ya simu ya kupiga. Mlinzi huyo hayumo kwenye muundo wa TEHAMA, wala wa Uhasibu, na mara nyingi ni wa kampuni ya nje. Lakini ndiye mtu pekee aliye macho saa hiyo.

Jambo la pili la kutazama ni kama hizo seva zote bado zina kazi. Hapa halmashauri zetu zina hadithi yake. Kwa miaka mingi mifumo mikubwa ilihitaji mashine wilayani. Leo uhasibu uko kwenye MUSE, ununuzi kwenye NeST tangu 2023, mipango na bajeti kwenye PlanRep, mapato kwenye TAUSI, na mifumo hiyo inaendeshwa kutoka vituo vikuu. Taifa pia lina kituo chake cha data Kijitonyama, kilicho chini ya TTCL. Mkusanya ushuru mwenye POS huko kata ya Misima hatumi risiti yake kwenye seva ya wilaya tena.

Chumba kilichojengwa kwa ajili ya seva sita huenda sasa kina kazi ya ruta, swichi, mashine ya kamera na seva moja ya mafaili. Zile tano nyingine? Zinawaka. Hakuna aliyethubutu kuzizima, kwa kuwa aliyezifunga alihamishwa na aliyepo hajui zinafanya nini. Mwaka 2015 Jonathan Koomey na Jon Taylor walikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya seva walizozichunguza hazikuwa na kazi yoyote kwa miezi sita au zaidi. Kampuni ya AOL ya Marekani iliwahi kuondoa zaidi ya seva 9,000 za namna hiyo. Sisi hatuna 9,000. Tuna tano, lakini tano kati ya sita ni uwiano mbaya zaidi kuliko wao.

Na AC nayo ilipimwa kwa seva sita. Vifaa vilivyobaki na kazi, tuseme vya wati 500, vinatoa joto la BTU 1,700 hivi kwa saa. Weka na jua linalopiga ukuta, bado BTU 24,000 ni kutumia lori kubeba debe la mahindi. AC ndogo ya inveta, au hata kuhamishia vifaa kwenye kabati lenye feni kwenye chumba kisicho na jua, inaweza kutosha. Hilo aliamue fundi wa AC akiwa ameketi na TEHAMA, kwa sababu mmoja anajua BTU na mwingine anajua wati, na hesabu inahitaji zote mbili.

Najua swali linalokuja. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ianze kuwashwa mwaka 2024, mgao umepungua. Na hapo Korogwe penyewe kituo cha Hale kilianza kufua umeme wa Mto Pangani miaka ya 1960. Umeme upo, tubane wa nini? Kwa sababu tokeni hainunuliwi kwa megawati za taifa, inanunuliwa kwa mapato ya ndani na fedha za matumizi mengineyo, kifungu kilekile kinachotakiwa kulipia mafuta ya gari la wagonjwa na karatasi za mitihani ya kata. Na umeme ukikatika, jenereta inachoma dizeli kuipoza seva isiyo na kazi.

Mgawanyiko huu unashuka hadi kwenye kata. Vituo vya afya vingi vimefungiwa GoTHOMIS, mfumo wa taarifa za wagonjwa, na kompyuta inayoutunza mfumo hukaa chini ya meza ya mapokezi au kwenye stoo ya dawa. Kwenye LUKU hiyohiyo kuna taa ya chumba cha kujifungulia, na friji ya chanjo kama haitumii sola. Mganga mfawidhi hajui kompyuta ile inakula nini. TEHAMA wa wilaya anaijua kompyuta lakini hajawahi kuona mita ya kituo. Ombi langu kwa mganga wa kituo chochote, awe Misima au kwingineko: siku TEHAMA wa wilaya akija kurekebisha mfumo, mwonyeshe mita kabla hajafungua kompyuta. Mwulize kama kompyuta ndogo ya kupakata, yenye betri yake, haiwezi kufanya kazi ya lile boksi. Mara nyingi inaweza, ikiwa nakala za data zinatunzwa vizuri.

Walioliona hili mapema kuliko serikali ni wenye minara ya simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tigo na kisha Vodacom waliuza minara yao kwa Helios Towers, na tangu hapo mwenye mnara na anayerusha mawimbi ni watu wawili. Mwenye mnara ndiye anayehangaika na umeme na dizeli; mpangaji ndiye mwenye mitambo. Wangeachana hivyo, mpangaji angefunga mitambo bila kujali. Mikataba ikaziba pengo: anayeongeza kifaa mnarani anaongezewa ada. Mikataba hiyo ni mirefu na mawakili wake ghali, ila wazo lake linaingia kwenye ukurasa mmoja wa makubaliano kati ya TEHAMA, Utawala na fundi.

Wakati wa kufanya haya ni sasa hivi au ni msimu wa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vita vya kweli viko miezi ya kabla ya hapo, rasimu zinapoingia PlanRep. Mkifika na picha za mita za miezi mitatu, mhasibu mwenyewe atawatetea, kwa kuwa safari hii ana kitu cha kumwonyesha mkurugenzi. Na anayeandika vigezo vya zabuni kwenye NeST asiishie kwenye ukubwa wa kumbukumbu na diski. Aweke pia wati ambazo kifaa kinavuta kikiwa kazini, na alinganishe bei ya kununua pamoja na umeme wa miaka mitano. Mara nyingi kifaa cha bei ya chini ndicho ghali.

La mwisho ni zile seva tano. Wengi huziacha wakidai kufuta mali ya serikali kuna mlolongo mrefu wa uhakiki na vibali vya Hazina. Kweli upo, na uheshimiwe. Lakini kuzima hakuhitaji kibali cha kufuta mali. Chukua nakala ya data, ihifadhi sehemu mbili. Andika kwenye kundi la WhatsApp kwamba Ijumaa saa kumi jioni seva fulani inachomolewa waya wa mtandao, ila inabaki inawaka. Subiri siku 30. Kama idara yoyote italalamika, utarudisha waya kwa dakika moja, na utakuwa umejua ni ya nani. Kama hakuna atakayesema kitu, zima, bandika karatasi yenye tarehe na jina lako, kisha anza huo mlolongo wa vibali huku seva haili umeme. Karatasi hizo, ramani ya raki na picha za mita ziingie kwenye hati ya makabidhiano siku utakapopata barua ya uhamisho.